Fundi wa Hewa wa Kisaju

Ukishuka kutoka Kitengela kwa barabara ya Namanga, kabla hujalimaliza soko la Kisaju, utakiona kibanda cha mabati kisicho na jina wala bango. Hakijawahi kuhitaji bango. Ndambuki alikuwa pale kabla ya maduka ya vyuma, kabla ya nyumba za ghorofa, wakati punda milia walikuwa bado wanavuka barabara bila kuuliza. Waendesha pikipiki walimwita Fundi wa Hewa, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokiri.

Katika Kiswahili chetu neno hewa limebeba mizigo miwili. Hewa ni ile tunayovuta kwa pua, na hewa ni namna siku ilivyoamka, kwa baridi au kwa jua. Kwa Ndambuki mambo hayo mawili yalikuwa moja. Kila mwaka, ukungu wa Juni ulipotambaa kutoka nyanda za Athi na ng'ombe wakaanza kupumua moshi, pikipiki zilipanga foleni mbele ya kibanda chake. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, akaweka mpini wake sikioni, kisha kwa bisibisi nyingine ndogo akaizungusha skrubu ya hewa kwenye kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli, kidogo, kidogo tena, mpaka injini iache kukohoa. Januari, jua lilipozichoma nyasi zikawa rangi ya simba, walirudi akaizungusha upande wa pili. Baridi ikiingia, aliwaambia, pikipiki inataka kula zaidi, kama mama mjamzito. Walicheka kila mwaka kana kwamba hawajawahi kusikia.

Alikuwa pia mzee wa kanisa, na hakuvua uzee huo akivaa ovaroli. Hakuna aliyepata kununua kwake plagi kuukuu iliyooshwa kwa petroli ikauzwa kama mpya, ingawa biashara hiyo ilikuwa ikifanywa hatua chache kutoka hapo na wanaoifanya wakapata kujenga. Vijana wa Jumapili aliwafundisha ile amri ya kutomshuhudia jirani uongo, akiwaeleza kwamba uongo hauwi mdogo kwa sababu aliyeusema anaheshimika. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Mtu anaweza kusema kweli miaka mingi, na bado isimsaidie siku anapoihitaji yeye mwenyewe.

Siku hiyo ililetwa na Wanyonyi.

Wanyonyi alikuwa mtu wa Bungoma aliyekuja Kitengela kulinda lango la kiwanda. Alilinda mpaka akachoka kufungulia wengine, akaweka akiba kwenye chama, akanunua pikipiki mpya ya aina iliyoanza kuingia wakati huo, ile isiyo na kabureta. Badala yake ina injekta, kifaa cha kunyunyiza petroli, na kompyuta ndogo inayoamua petroli kiasi gani. Yeye na mkewe Selpha walipanga vyumba viwili nyuma ya soko la Kitengela. Kule nyumbani ndugu zake walikuwa wamegawana shamba la baba yao yeye akiwa hayupo, wakamwachia kipande kando ya kijito, mahali ambapo hata mahindi huoza yakiwa yamesimama. Kwa hiyo alipoipangusa ile pikipiki kila jioni alikuwa akisema, "Hii ndio shamba yangu," na hakuwa akitania.

Ilipofika Julai, shamba likakataa kulimika. Asubuhi za baridi pikipiki ilizungushwa, ikaguna, ikazima. Ilipokubali kuwaka ilitetemeka kama mtoto mwenye homa, ikamzimikia tena njiani. Walimu na wauguzi waliokuwa abiria wake wa alfajiri walisubiri kwa adabu siku mbili tatu, kisha wakapanda pikipiki za wengine. Wanyonyi akashuka nayo mpaka Kisaju.

Ndambuki aliinama akaitazama kwa muda mrefu. Alipitisha vidole mahali ambapo skrubu ingekuwa, akahamia upande wa pili, akarudi. Waendesha pikipiki waliokuwa wakisubiri zamu zao walianza kukonyezana, na mmoja wao, kijana wa Kimasai aliyeitwa Oscar, hakuweza kujizuia.

"Fundi, ni kama unatafuta kitovu ya malaika."

Walicheka wote, na Ndambuki pia akacheka. Kisha akauliza, "Hii haina hewa?"

"Iko na kompyuta, mzee," Wanyonyi akamjibu kwa upole. "Nasikia hewa inajipima yenyewe."

Lau angesema hapo kwamba hajui, hadithi hii isingekuwepo. Kitengela kulikuwa na fundi mwanamke aliyeitwa Nyawira, aliyesomea mitambo chuoni na aliyekuwa na mashine ya kuunganisha kwenye pikipiki kama hizo ili kusoma ugonjwa wao. Ndambuki alimjua. Alikuwa hata amewahi kumsifu, siku ambayo sifa hiyo haikumgharimu kitu. Lakini mbele ya watu waliomwita Fundi wa Hewa, kukiri kwamba kuna hewa asiyoijua kulimshinda. Alimwambia Wanyonyi aiache.

Ikatokea kwamba juma hilo Wanyonyi alikwenda Bungoma kumzika baba mkwe wake, na pikipiki ikabaki kibandani. Ndambuki aliitafutia dawa kwenye simu. Alipata video ya mtu aliyezungumza Kihindi mwanzo hadi mwisho. Maneno hakuyaelewa, ila mikono aliielewa. Pikipiki hizi zina sensa, kijidude kinachoiambia kompyuta injini ina joto kiasi gani. Kompyuta ikisikia kuna baridi, huongeza petroli. Mtu wa video alikata waya wa sensa akaunganisha katikati resista, kile kipande kidogo chenye mistari ya rangi kinachopatikana kwenye redio mbovu, na tangu hapo sensa ikawa inasema kuna baridi hata injini ikiwa inaungua. Mwishoni mtu yule aliinua kidole akasema jambo kwa kukaza, kama anayeonya. Ndambuki hakujua ni nini.

Alifanya vivyo hivyo. Alikata, akaunganisha, akazungushia tepu nyeusi, akasukuma waya ndani chini ya kiti. Kesho yake alfajiri, kwenye ukungu uliofunika hata barabara, pikipiki iliwaka mara ya kwanza. Kwa kweli alichokuwa amefanya ni kuweka shahidi wa uongo ndani ya chombo cha jirani yake. Lakini sauti ilikuwa tamu sikioni, naye alikuwa amezoea kuliamini sikio lake.

Tena ugonjwa wenyewe haukuwa kwenye hewa. Ulikuwa kwenye petroli. Wanyonyi alinunua petroli ya chupa kando ya barabara, yenye taka, na vitundu vya injekta vilikuwa vimeziba nusu. Petroli haikutosha, na baridi ndiyo iliyoonyesha upungufu huo kwanza. Ndambuki hakutazama huko. Miaka yote asubuhi ikiwa ya baridi na pikipiki ikigoma, kosa lilikuwa hewa, na neno hilo lilimfumba macho.

Wanyonyi aliporudi alimuuliza amefanyaje. "Nimeifungua hewa," Ndambuki akasema. Sifa zikatembea stejini, kwenye vituo vya pikipiki, kuanzia Kisaju hadi Isinya: mzee amewashinda hata wenye kompyuta. Alipowahadithia wa nyumbani, mkewe Kalekye, ambaye hakuwa mtu wa kushangilia haraka, alimuuliza kama Wanyonyi anajua kilichowekwa. Ndambuki akasema mgonjwa hahitaji kujua jina la dawa. Kalekye alimwambia kwamba daktari huliandika, kisha akaendelea kuchambua maharagwe.

Agosti ikapita, baridi ikaondoka. Pikipiki ikaanza kulewa petroli. Wanyonyi alilalamika kwamba inakunywa kama wageni wa harusi, na nyuma ilitoa moshi mweusi uliochafua soksi za abiria. Oktoba akaipeleka kwa Nyawira. Nyawira alitoa injekta, akaisafisha, akamwonyesha taka zilizotoka, akamkanya asinunue tena petroli ya chupa. Baada ya hapo moshi uliongezeka, kwa sababu sasa injekta ilikuwa nzima na resista ilikuwa bado inadai petroli ya baridi. Nyawira aliunganisha mashine yake, akakunja uso, akamwambia arudi nayo kesho ili waya zifuatwe moja moja.

Kabla ya kurudi, Wanyonyi alipitia Kisaju. Alifanya hivyo kwa heshima: kwao mtu hahami mganga bila kumuaga wa kwanza. Alimkuta Ndambuki yuko peke yake, akakaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa.

"Yule msichana anasema kuna kitu inadanganya ndani ya pikipiki," akasema. "Injini iko moto, mashine inasoma ni baridi. Anataka afungue waya zote. Wewe ulishika hiyo waya, mzee?"

Barabarani lori la simiti lilipita, na Ndambuki akapata muda wa kufikiri kadiri lori linavyochukua kupita. Baadaye alikumbuka kwamba muda huo ulitosha kabisa. Angeweza kusema ndiyo. Pikipiki ilikuwa bado nzima, kosa lilikuwa dogo, Wanyonyi hakuwa mtu wa kinyongo, na dawa ilikuwa kukata tepu ya urefu wa kidole. Kilichokuwa upande wa pili wa mizani ni kicheko cha Oscar na wenzake, na yule msichana wa Kitengela kujua.

"Hizo mashine ndizo zinadanganya," akasema. "Mimi nimesikia hiyo injini kwa masikio yangu. Ukimruhusu akate waya, hutakuwa na pikipiki."

"Basi ni hivyo?"

"Ni hivyo."

Wanyonyi akashusha pumzi. Alikuwa ameogopa gharama, na mtu anayeogopa gharama huliamini upesi neno linalomwondolea gharama hiyo. Alimshukuru. Kwa Nyawira hakurudi.

Tangu siku hiyo Ndambuki alianza kuisikia pikipiki ile kabla haijafika. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kusongwa. Alijua kinachoendelea humo ndani: petroli isiyoungua huteremka kando ya pistoni, ikaingia kwenye oili, oili ikawa nyepesi kama chai ya hotelini, na chuma kikaanza kusugua chuma. Mara moja alimwomba Wanyonyi amwachie pikipiki siku moja tu, aiangalie. Alikusudia kuiondoa resista kimya kimya, na jambo hilo liishie hapo. Wanyonyi akacheka, akamuuliza akiiacha watoto watakula tepu au watakula spana. Siku nyingine Wanyonyi aliizima hapo hapo, akaketi kwenye kreti yake na kumwambia Ndambuki aiangalie basi, yeye anangoja. Hakuwa akimshuku, alipenda tu kutazama kazi. Lakini kuivua ile tepu mbele ya macho yake kulikuwa sawa na kukiri, na Ndambuki alikaza mnyororo ambao haukulegea, akamruhusu aende.

Atamwambia mwisho wa mwezi. Atamwambia baada ya ibada ya mavuno. Atamwambia Krismasi ikipita, asije akamharibia mtu sikukuu. Watu wanaoahirisha kweli huwa na huruma nyingi sana kwa sikukuu za wengine. Kanisani aliendelea kusimama mbele ya vijana, lakini alihama kutoka amri kumi akawafundisha safari za Paulo.

Januari ikaja na jua lake. Wanyonyi alipata mzigo wa kupeleka Kajiado mjini, magunia mawili ya chakula cha kuku, wakati wa adhuhuri, barabara ikimeremeta kama maji. Karibu na mji injini ilipiga kelele moja kali, gurudumu la nyuma likakwama, pikipiki ikaburuzika mpaka kwenye changarawe. Hakuumia, isipokuwa goti. Injini ilikuwa imeshika, pistoni imekwama ndani ya silinda. Waliomwokota walimpeleka yeye na pikipiki kwa mafundi wa hapo Kajiado, na huko ndiko ilikofunguliwa. Walichonga upya silinda, wakatia pistoni nyingine ya bei rahisi, wakairudisha barabarani. Waya zilizo chini ya kiti hazikuwahusu.

Ndambuki alizisikia habari hizo stejini, kutoka kwa Oscar, ambaye safari hii hakutania. Alisema tu kwamba pikipiki ya Wanyonyi imekufa, na kwamba hata wewe, fundi, hungeweza kitu, hizo injini za siku hizi ni karatasi. Kila mtu alikuwa na maneno ya namna hiyo ya kumpa. Ndambuki aliyapokea yote.

Pikipiki iliyochongwa haikuwa tena ile. Ilipanda mlima ikilia. Wanyonyi, aliyekuwa amekopa kuitengeneza, alihangaika nayo mvua yote ya masika, na mwisho wa Mei akapata mnunuzi: Ishmael, mkulima wa nyanya kutoka Entarara, kule chini ya mlima karibu na Loitokitok. Ndambuki alikuwa wa mwisho kujua. Alipojua, alifunga kibanda mchana, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akapanda kwenda Kitengela. Kalekye hakumuuliza anakwenda wapi. Alimpa shati safi.

Aliwakuta wakifunga vyombo. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, na Selpha alikuwa akifunga sufuria moja ndani ya nyingine. Walikuwa wanarudi Bungoma, kwenye kile kipande cha kando ya kijito, kuona kama watapanda nduma, magimbi yanayopenda maji. Wanyonyi alifurahi kumwona. Alimpisha kwenye kiti kilichobaki, yeye akakaa juu ya gunia la nguo, akamwambia Selpha mzee huyu ndiye peke yake aliyekuja kuwaaga.

Ndambuki alisema yote. Aliyasema wima, hakuketi: video, resista, tepu, na lile neno la Oktoba. Hakujitetea. Alipomaliza alisema kwamba atampigia Ishmael mwenyewe leo hii amwambie akate ule waya, na kama Ishmael atataka arudishiwe fedha, basi na iwe hivyo.

Selpha aliacha sufuria.

"Ile siku nilikuja kukuuliza," Wanyonyi akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaniambia ni mashine."

"Nilikuambia hivyo."

Wanyonyi alitazama mikono yake. Hakupaza sauti. "Pesa ya Ishmael imeenda. Nimelipa deni, nimelipa lori. Akirudisha hiyo pikipiki nitampa nini? Nimpe godoro?" Akainua macho. "Miezi yote hiyo ulinyamaza ukijiokoa, mzee. Sasa nyamaza uniokoe mimi."

"Injini yake itakufa pia, Wanyonyi."

"Na yangu ilikufa."

Ndambuki alimgeukia Selpha, kana kwamba mwanamke yule angemwambia jambo jingine. Selpha alisema kwa sauti ya chini kwamba lori litafika saa tisa, kama baba hana neno lingine wana kazi. Alimwita baba. Ndambuki alitoka, akasimama nje kwenye jua la uani, akasikia sufuria zikianza tena kuingizwa moja ndani ya nyingine.

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi ambayo mwenye nayo hufika akayataja, akakuta wengine wameyahitaji yaendelee. Uongo wa fundi mmoja ulikuwa umekuwa mali ya nyumba nzima, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kumwondolea mzigo huo ndiye aliyemwomba aendelee kuubeba.

Juni Ishmael akampigia simu. Namba alikuwa amepewa na Wanyonyi siku ya kuuziana, kama sehemu ya sifa za pikipiki: fundi wake ni mzee wa kanisa, ukiwa na shida muulize. Ndambuki alikuwa nyumbani akinywa chai. Sauti upande wa pili ilikuwa changamfu, ya mtu aliyelala vizuri.

"Bwana asifiwe, fundi. Mimi sina shida, napiga tu kushukuru. Huku kwetu baridi ya mlima si mchezo, wenzangu wanasukuma pikipiki asubuhi kama mkokoteni. Hii yangu nikigusa tu, imewaka. Niliambiwa ni wewe. Uliifanya nini?"

Ndambuki akashusha kikombe. Akasema anafurahi kusikia. Akauliza kama inakunywa sana. Kidogo, Ishmael akasema, lakini nyanya ni nzito. Akauliza kama kuna moshi.

"Moshi uko. Mweusi mweusi hivi, nikipanda mlima. Ni mbaya?"

Kalekye alikuwa ameketi mkabala, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Alisikia kila neno. Hakumtazama mumewe, alitazama meza, kama anayempa mtu faragha ya kufanya jambo jema.

Ndambuki aliona magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Aliona kijito cha Bungoma ambacho hajawahi kukiona.

"Ni kawaida," akasema.

Ishmael akashukuru tena, akasema ana jirani mwenye pikipiki kama hiyo hiyo, nayo inakataa kuwaka asubuhi, atamwelekeza Kisaju juma lijalo. Ndambuki akasema aje. Alipokata simu, Kalekye aliinuka, akakusanya vikombe, na cha mumewe pia, ingawa chai ilikuwa bado imo.